Kasri la Mtoni, Unguja: wanafunzi waangalie nini, na wasimulie nini?

mwalimu_kidato3

Assalaam aleikum. Naandaa ziara ya wanafunzi arobaini kwenye magofu ya kasri la Mtoni, na nataka niwape karatasi ya kuongozea yenye maelezo ya uhakika. Kila ninapotafuta nakutana na habari zinazogongana. Wengine wanasema Sayyid Said, sultani wa Oman na Unguja, alijenga kwenye ardhi tupu, wengine kwamba alimnyang'anya mtu shamba. Picha za Mtoni na Marhubi zimechanganywa hadi hujui ipi ni ipi. Na swali ambalo wanafunzi wataliuliza bila shaka: mbona kuta zimesimama lakini ghorofa ya juu imepotea yote?

Tuna saa mbili pale. Sitaki wapige picha tu na kuondoka. Tuna futi za kamba, madaftari na pimamaji moja. Wapime nini chenye faida kwenye somo la historia?

pwani_ya_kibweni

Wa aleikum salaam mwalimu. Tuanze na picha, kwa sababu hizo ndizo zinazoharibu karatasi nyingi za shule. Ukitoka mjini kwa barabara ya Bububu unaipita Marhubi kwanza, halafu Mtoni, zote upande wa kushoto kuelekea baharini. Picha yenye safu za nguzo nene za mawe zilizobaki peke yake ni ya Marhubi. Nguzo zile zilibeba roshani kubwa ya mbao iliyozunguka ghorofa ya juu. Hilo ni jumba la Sayyid Barghash, mwanawe Sayyid Said, lililojengwa kati ya 1880 na 1882 na kuungua mwaka 1899, kwa hiyo limeishi kama jumba kwa miaka isiyofika ishirini. Mtoni ni kongwe kwa takriban nusu karne, na ni kazi ya baba yake.

Sasa ardhi. Haikuwa tupu hata kidogo. Lilikuwa shamba la Saleh bin Haramil al-Abray, mfanyabiashara wa Kiomani anayetajwa kuwa ndiye aliyeleta mikarafuu Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka kwenye visiwa vya Wafaransa vya Bahari ya Hindi. Aliipanda Mtoni na Kizimbani. Sayyid Said alikanyaga Unguja mara ya kwanza mwaka 1828, akakuta karafuu imeshika vizuri na mwenye shamba ana mali na watu wa kumuunga mkono. Akayachukua mashamba yake. Sababu iliyotolewa ni kwamba Saleh aliendelea kuuza watumwa kwa Wazungu kinyume cha mkataba wa 1822, lakini tajiri mwenye kundi lake mbali na Maskati alikuwa pia tishio kwa mtawala. Baada ya hapo Said akawataka wenye mashamba wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja. Kwa hiyo kasri la Mtoni lilikuwa jumba la shamba tangu siku ya kwanza: karafuu nyuma, bahari mbele, mto pembeni.

Ujenzi wenyewe umewekwa kati ya 1828 na 1834. Wanafunzi wasifikirie kwamba ramani moja ilichorwa ikatekelezwa. Jumba lilikuwa likiongezwa vyumba kila familia ilipokua, na ndiyo maana ukitazama kutoka juu pembe zake hazikai sawa.

Aliyekuwa mkuu wa nyumba ni Bibi Azza bint Seif, mke wa Said wa nasaba ya kifalme, ambaye hakuzaa. Watoto wote waliokuja kutawala au kujulikana, akiwemo Majid na Barghash, walizaliwa na masuria. Sayyida Salme, binti wa Said na suria Jilfidan aliyetoka nchi ya Wacherkesi, alizaliwa pale Mtoni tarehe 30 Agosti 1844. Katika kumbukumbu zake anasimulia uwanja mkubwa wa ndani ambamo swala, tausi, mbuni, korongo na kanga walitembea huru, safu ya vyumba vya kuogea upande mmoja wa uwanja, na hamamu ya Kiajemi, yaani bafu la maji ya moto. Mbele kabisa, baharini, palikuwa na benjile: banda kubwa la duara la mbao zilizopakwa rangi, lenye paa la mfano wa hema, ambamo Sayyid alikunywa kahawa na kutazama merikebu zake. Benjile halipo. Hapo wanafunzi wasimame wakijua kwamba sehemu iliyopendwa kuliko zote ndiyo iliyokuwa ya mbao tupu.

Said alifariki baharini tarehe 19 Oktoba 1856 akirudi kutoka Oman. Himaya ikagawanyika, Majid akabaki na Unguja, na kila sultani aliyefuata akawa na jumba lake analolipenda: Barghash alijenga Marhubi kaskazini ya mji na Chukwani kusini. Mtoni ikawa ya wajane na watu wazee, kisha ikaachwa. Moto wa mwanzoni mwa karne ya 20 ukamaliza sehemu kubwa ya kilichokuwa kimebaki.

Kuhusu kupima, shauri langu ni wafuate maji. Mto wa Mtoni ulielekezwa ukajaza mabirika na hamamu kabla ya kuingia baharini. Mwanafunzi akijua maji yaliingilia wapi na yalitokea wapi, atajua vyumba vipi vilikuwa vya kuogea na upande upi ulikuwa wa jikoni na takataka. Vyumba vya kuogea havikai pale maji yanapoingilia, vinakaa upande yanakoteremkia.

fundi_wa_chokaa

Naongeza upande wa ujenzi, maana swali la ghorofa kupotea jibu lake limo ndani ya ukuta.

Majumba haya yote yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zikiwa kati ya sentimita 50 na 60 unene. Jiwe la tumbawe ni jepesi, lina matundu, linanyonya maji na kuyatoa. Dari na sakafu ya juu hukaa juu ya boriti za mkoko. Boriti nzuri iliyonyooka haiwezi kubeba dari ya mawe kwenye upana unaozidi mita 2.5 hadi 3, na ndiyo sababu vyumba vya zamani vya pwani ni virefu na vyembamba. Wanafunzi wapime upana wa vyumba vinne au vitano kwa ndani. Watapata namba zinazokaribiana mno. Wakikuta ukumbi mpana zaidi, watafute alama ya nguzo au tao katikati, au wajue pale palikuwa na mbao za kutoka nje.

Juu ya boriti, zilizopangwa kwa nafasi ya sentimita 20 hadi 40, yanalazwa mawe bapa, kisha kokoto za matumbawe na chokaa, halafu inapigiliwa kwa vigongo siku nyingi mpaka ikaze. Dari yenye unene wa sentimita 30 ina uzito unaozidi kilo 400 kwa kila mita moja ya mraba. Uzito wote huo umekaa kwenye ncha za boriti zilizozama ndani ya ukuta.

Hapo ndipo maradhi yanapoanzia. Nyumba ikikaliwa, juu ya paa panapakwa chokaa kila mwaka kabla ya masika. Ikiachwa, ufa mdogo unaingiza maji, maji yanashuka ndani ya ukuta, na ncha ya boriti inakaa kwenye unyevu usiokauka. Katikati boriti ni nzima, ukiigonga inalia vizuri, kumbe ncha imeoza au mchwa wameila. Siku ncha mbili tatu zikikatika, kipande cha dari kinashuka na kuangukia dari ya chini ambayo haikutengenezwa kubeba mara mbili, nayo inakwenda. Ukuta unabaki umesimama kwa sababu haukuwa ukitegemea dari ili usimame. Dari ndiyo iliyoutegemea ukuta. Moto unafanya kazi ile ile kwa saa chache: boriti zinaungua, mawe yanashuka. Kisha watu wanakuja kuchukua milango, mbao na hata mawe ya kujengea.

Kwa hiyo wape kazi hii: watafute safu ya matundu kwenye ukuta, kila tundu la ukubwa wa kichwa cha boriti. Wahesabu matundu kwenye urefu wa mita tatu, wapime nafasi kati ya tundu na tundu, na wapime kimo cha safu kutoka chini. Safu ya matundu ndiyo sakafu ya ghorofa iliyopotea. Wakiiunganisha kwenye mchoro, ghorofa itarudi kwenye karatasi. Kosa la kawaida ni kupima kimo kutoka kwenye ardhi ya leo. Kifusi kimejaa ndani na kimeinua ardhi. Tafuta kizingiti cha mlango au kipande cha sakafu ya zamani, upimie kutoka hapo.

Pia waangalie zidaka, yale madirisha yasiyotokea upande wa pili. Chumba chenye zidaka nyingi kilikuwa cha watu wa nyumbani na mapambo yao. Chumba kisicho na kidaka hata kimoja, chenye tundu dogo juu la hewa, kilikuwa stoo.

Lingine la kuwafundisha macho: ukarabati. Chokaa ya zamani ni ya rangi ya maziwa au inaelekea uwekundu wa udongo, ina chembe nyeupe ndani, na kingo zake ni laini. Viraka vya saruji ni vya kijivu, vigumu, na pembeni yake jiwe linamomonyoka. Saruji inafunga njia ya unyevu. Maji ya ardhini yanapanda ndani ya ukuta yakiwa na chumvi, na pwani chumvi ipo tele. Yakikuta saruji hayatoki, yanazunguka, na pale yanapokauka chumvi inageuka fuwele na kulisukuma jiwe mpaka linakuwa unga. Kiraka kinabaki kizima na ukuta wa nyuma yake umekufa. Wengine husema udondoshee ndimu uone ikichemka ndiyo chokaa. Kipimo hicho hakifai hapa: tumbawe lenyewe linachemka, na saruji nayo inatoa povu kidogo. Tumia macho, na wanafunzi wasichokoe ukuta.

Ukarabati wa sawa unakuwa hivi. Matumbawe yanachomwa juu ya tanuu la magogo ya mnazi, yanazimwa kwa maji, chokaa inachungwa na kulowekwa shimoni kwa wiki kadhaa, na ikikaa miezi ni bora zaidi. Mchanganyiko wa kujengea ni ndoo moja ya chokaa kwa ndoo tatu za mchanga wa shamba. Mchanga wa ufukweni usitumike, una chumvi. Ukuta unalowanishwa kwanza, plasta inapakwa tabaka zisizozidi sentimita moja, na kila tabaka inafunikwa magunia mabichi kwa wiki nzima. Ikikaushwa na jua kwa haraka inapasuka na kubanduka yote.

mwalimu_kidato3

Ahsanteni sana. Hii ya matundu ya boriti sikuifikiria kabisa, na itafanya kazi vizuri na hesabu za vipimo. Maswali mawili. Huo mteremko wa maji watoto wataupimaje? Na je, niwape kurasa za Sayyida Salme wasome kama maelezo ya jumba lilivyokuwa?

fundi_wa_chokaa

Mteremko: pimamaji fupi haifai kwenye mfereji mrefu, kosa dogo linakua kila unapoihamisha. Chukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, wa mita kumi, ujaze maji. Mmoja ashike ncha ya juu ya mfereji, mwingine ya chini, maji yatulie, kisha kila mmoja apime kutoka usawa wa maji hadi sakafu ya mfereji. Tofauti ya namba mbili ndiyo mteremko. Mfereji wa mawe unahitaji kidogo tu, sentimita moja kwa mita mbili inatosha kuyatembeza maji. Kinachoharibu kipimo ni povu la hewa ndani ya mpira, kwa hiyo uinuliwe na kugongwa mpaka povu lote litoke kabla ya kusoma.

Pale ambapo mfereji umevunjika au umefunikwa na udongo, msichimbe. Pimeni vipande vinavyoonekana tu, na kwenye mchoro mweke mstari wa nukta mahali pa kukisia.

msoma_nyaraka

Kuhusu Sayyida Salme: ndiyo, wasome, lakini wajue nani anaongea na lini. Aliondoka Mtoni kuhamia mjini akiwa na umri wa miaka saba hivi. Aliondoka Unguja mwaka 1866. Kumbukumbu zake zilichapwa Berlin mwaka 1886, kwa Kijerumani, kwa wasomaji waliokuwa na picha zao tayari kuhusu maisha ya wanawake wa Kiarabu, naye alitaka kuwarekebisha. Kwa hiyo mtoto ndiye aliyeona, mtu mzima aliye uhamishoni ndiye aliyeandika. Anapoeleza utaratibu wa siku, sala, kahawa, mavazi, nani alikaa juu na nani chini, huwezi kupata shahidi bora. Anapotoa ukubwa na idadi, kama ile ya watu elfu moja ndani ya jumba, ichukuliwe kama makadirio ya mtu aliyekulia kwenye msongamano.

Zoezi zuri ni kuchukua aya yake ya uwanja wa ndani, wanafunzi wakasimama pale pale, wakaandika safu mbili: nini anachokitaja bado kinaonekana, nini hakionekani. Wanyama, mbao, nguo na sauti hazitakuwepo. Kuta, hamamu na bahari zipo.

Na wasisome bila kuuliza kuhusu wale asiowapa majina. Hao watu elfu moja wengi wao walikuwa watumwa: wapishi, wachota maji, wapagazi, mayaya, pamoja na waliovuna karafuu nyuma ya jumba. Masuria nao kisheria walikuwa watumwa, ingawa suria aliyemzalia bwana wake hakuuzwa na alikuwa huru bwana akifariki. Salme mwenyewe alikuwa mtoto wa mwanamke aliyechukuliwa utotoni vitani. Utumwa Unguja ulifutwa kisheria mwaka 1897, yaani Mtoni katika enzi yake yote ya uhai lilikuwa jumba linalokwenda kwa kazi ya watu wasiolipwa. Ukipita Marhubi na ukasikia hesabu ya masuria tisini na tisa, waambie wanafunzi ni masimulizi yanayorudiwa na waongozaji, kisha warudishe kwenye swali la nani alipasha moto maji ya hamamu.

Kwa wanafunzi wanaotaka kuendelea, Nyaraka za Taifa zipo Kilimani. Fungu la AA lina barua za ubalozi wa Uingereza, na AB lina mafaili ya serikali ya wakati wa himaya ya Waingereza. Aombe kwa jina la mahali, na ajaribu tahajia zaidi ya moja: Mtoni, Mtony, Beit el Mtoni, Bet il Mtoni. Faili nyingi hukosekana kwa sababu mtu ameandika tahajia moja tu.

mzee_wa_ng'ambu

Mwalimu, ukiwa na siku nzima usiache Dunga. Mtoni ni jumba la watawala waliokuja. Dunga ni la wenyeji, ukoo wa Mwinyi Mkuu, yaani mtawala wao wa jadi, na liko katikati ya kisiwa kwenye njia ya Chwaka, mbali na bahari. Lilijengwa na Mwinyi Mkuu Muhammad bin Ahmed katika miaka ya 1840 na 1850, yaani wakati Mtoni limeshamiri. Said alimwacha aendelee kuwasimamia Wahadimu, wenyeji wa Unguja, na kukusanya kodi kwao, sehemu ikienda kwa sultani. Muhammad alifariki mwaka 1865. Mwanawe Ahmed alifariki kwa ndui mwaka 1873, na hakuna Mwinyi Mkuu mwingine aliyefuata. Ngoma na siwa (pembe ya kupuliza), alama za utawala wao, zilihifadhiwa makumbusho mjini.

Ukiweka majumba mawili kwenye ramani moja, siasa inaonekana bila maelezo mengi. Sultani anajenga mahali anapoona merikebu. Mwinyi Mkuu anajenga mahali ambapo watu wake wanaweza kufika kwa miguu kutoka vijiji vya mashariki na kusini. Ile habari ya damu ya watumwa kuchanganywa kwenye chokaa ya Dunga utaisikia pale pale. Iandike kama masimulizi, na uulize kwa nini watu waliona inafaa kusemwa kuhusu jumba lile.

Jambo la mwisho ni la wakati. Mtoni nendeni maji yakiwa yamekupwa, muweze kutazama ukuta wa upande wa bahari kwa nje. Siku za bamvua maji yanapanda na kushuka kwa karibu mita nne, na yakijaa hamtapata nafasi ya kusimama. Ombeni ruhusa mapema Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale, muulize pia sehemu zipi zimefungwa.

fundi_wa_chokaa

Naunga mkono. Na ukiwa upande huo wa bahari, waonyeshe mizizi ya miti iliyoota juu ya ukuta. Mche mdogo ung'olewe ukiwa bado mchanga. Ukishakuwa na shina la unene wa mkono, kuung'oa kunaondoka na mawe. Unakatwa usawa wa ukuta na kuachwa ufe wenyewe, kisha tundu linajazwa chokaa. Wanafunzi wasisimame chini ya kuta zenye miti ya namna hiyo, hasa siku mbili tatu baada ya mvua kubwa, ukuta ukiwa umelowa na mzito.